Mti Usioandikwa Katika Ramani

Tunapotaja utamaduni wa taifa letu, kwa kawaida tunataja ngoma, mashairi, vinyago, mavazi na mapishi. Wageni wanaofika Mtwara huonyeshwa vinyago vya Kimakonde, wakausifu mkono wa fundi, na ni mara chache atokeapo mmoja akauliza habari za mpingo uliokatwa ili kinyago kipatikane. Mti kwetu ni kitu cha kutumiwa. Tunauona unapokuwa mbao, kuni, boriti au tunda. Lakini unaposimama tu, pasipo kutoa kitu cha kupimwa kwa mizani, huwa kama haupo. Nataka katika makala haya kueleza kwamba mti mkubwa uliosimama mahali pake kwa vizazi kadhaa ni sehemu ya utamaduni wetu, sawa na msikiti wa kale au kaburi la mzee, na kwamba tunapopanga mitaa mipya ya makazi hatuna budi kuihesabu miti kabla ya kuhesabu viwanja. Nasema haya kwa sababu palitokea siku ambayo niliulizwa habari za mti, nami nikanyamaza.

Nimezaliwa upande wa Mikindani, mji mkongwe ulio kilomita kama kumi kutoka Mtwara mjini. Wenyeji husema kwamba jina la Mikindani latokana na mikinda, yaani minazi michanga. Ikiwa ndivyo, basi mji huo ulipewa jina na miti kabla ya kupewa ngome, bandari au boma. Wala si Mikindani peke yake. Ghuba iliyo kusini yetu, kuelekea maingilio ya Mto Ruvuma, yaitwa Ghuba ya Mnazi. Ukisafiri kwenda Lindi utapita Mnazi Mmoja. Ukifika Dar es Salaam utakuta Mnazi Mmoja nyingine, na Mikocheni, na Mkwajuni. Ukivuka kwenda Unguja utakuta Miembeni na Mkunazini. Wazee wetu hawakuwa na ramani za karatasi. Ramani yao ilikuwa miti. Mtu alielekezwa njia kwa mbuyu, akapewa miadi kwenye mkwaju, na nahodha aliyekuwa akirudi kutoka baharini alilinganisha mti mrefu wa nchi kavu na ncha ya rasi ili aupate mlango wa bandari.

Shamba la ukoo wetu lilikuwa la bibi, mzaa mama. Kwetu, kama ilivyo kwa Wamakonde walio wengi, ukoo huhesabiwa upande wa mama, na mjomba ndiye msemaji. Katikati ya shamba hilo palikuwa na mwembe. Haukuwa mwembe wa sifa. Maembe yake yalikuwa yale ya kienyeji, madogo, yenye nyuzi zinazonasa katika meno, na hakuna mfanyabiashara aliyekuja kuyanunua. Lakini kivuli chake kilikuwa kikubwa. Chini yake ndipo kitovu changu kilipozikwa, na vitovu vya mama yangu na ndugu zake. Asubuhi watoto walisoma Kurani pale, na baadaye mchana wavuvi walizitandaza nyavu zao wakazishona. Jioni mjomba alikaa na wazee wenzake kusikiliza mashauri: mume aliyeacha kuhudumia, mbuzi walioingia katika mihogo, kijana aliyetoa maneno machafu mbele ya mkwewe. Msimu wa korosho ulipofika, magunia yalikusanywa pale kabla ya kupelekwa kupimwa. Kwa maneno mengine mwembe ule ulikuwa shule, karakana, mahakama na ghala, na haukuhitaji bati hata moja.

Ndugu msomaji, kabla sijaendelea na kisa chenyewe, yafaa tukumbushane kwamba mji wa Mtwara una historia ya pekee katika jambo hili. Mtwara ya sasa ni mtoto wa mpango wa karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Iliazimiwa kufyeka zaidi ya ekari milioni 3. Matingatinga yaliletwa, minyororo mizito ikafungwa kati ya mashine mbili, na msitu ukaangushwa kama nyasi. Mibuyu ndiyo iliyowashinda kwa ukaidi wake. Mipango yote ilifanywa kwa haraka, kwa watu wasioijua ardhi wala mvua zake, na mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kupoteza pauni milioni 36 hivi. Bandari ya Mtwara, ambayo ilijengwa ili karanga hizo zisafirishwe, ilifunguliwa mwaka 1954, wakati karanga zenyewe hazipo tena. Reli ya kwenda Nachingwea ilifungwa katika miaka ya 1960 na mataruma yake yakang'olewa. Tukabaki na bandari yenye kina kirefu, barabara pana, na funzo ambalo hatukulisoma vizuri: kwamba anayeanza kwa kuifyeka ardhi kabla ya kuitazama hulipa gharama mara mbili.

Funzo la pili lilitufikia baada ya Uhuru, na hili twapaswa kulisema kwa adabu lakini bila kuficha. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 watu walihamishwa kutoka katika makazi yaliyotawanyika wakakusanywa vijijini. Nia ilikuwa njema: kuwaletea shule, zahanati na maji. Lakini katika mkoa wetu nyumba zilipangwa kufuata barabara, na mikorosho ikaachwa kule mashambani, mbali na wenyewe. Mkorosho hutaka kupaliliwa. Usipopaliliwa moto wa porini huuteketeza. Zao la korosho la nchi nzima, lililofikia tani 145,000 hivi katika msimu wa 1973/74, lilikuwa limeshuka chini ya tani 20,000 kufikia msimu wa 1986/87. Sababu zilikuwa nyingi: bei ilikuwa mbaya, na ugonjwa wa ubwiriunga ulishambulia maua mpaka watafiti wa Naliendele walipowafundisha wakulima kuudhibiti kwa salfa. Hata hivyo wazee wote watakwambia kwamba umbali kati ya nyumba na mti ulikuwa mmoja wa sababu hizo. Mchoro wa makazi uliotengenezwa pasipo kuitazama miti uliwatenga watu na mali yao.

Sasa nirudi kwenye kisa changu. Gesi iligunduliwa katika Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, lakini ni baada ya mwaka 2010 ndipo habari zake zilipoipandisha bei ya ardhi. Watu waliokuwa hawajapata kuitaja Mtwara walikuja kuuliza viwanja. Mashamba yaliyokuwa pembezoni mwa mji yaliingizwa katika mpango wa upimaji, na shamba letu likawa mojawapo. Mimi nilikuwa nimestaafu ualimu, nikachaguliwa kuwa mjumbe wa kamati ya mtaa iliyowatembeza wapima.

Walikuja vijana wanne, wenye heshima na bidii. Walifanya kazi tangu alfajiri, na jua lilipokuwa kali tukakaa pamoja chini ya mwembe, nikaagiza madafu. Mkuu wao akafungua daftari akaniuliza, "Mwalimu, kuna jambo lolote hapa la kuangaliwa kabla hatujachora? Makaburi, msikiti, kisima?"

Nikamwonyesha makaburi. Nikamwonyesha kisima. Akaviandika vyote viwili.

"Basi, mwalimu?"

"Basi," nikamjibu.

Tulikuwa tumeegemea shina la mwembe wakati nikisema neno hilo. Kivuli kile kile kilichotufunika hakikunijia akilini. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu langu ni kwamba aliniuliza habari za vitu vilivyofanywa na watu, nami nilikuwa nimefundishwa, na kwa miaka zaidi ya thelathini nimewafundisha wengine, kwamba historia ni majengo, vita na tarehe. Kila mwaka niliwaeleza wanafunzi wangu kwamba David Livingstone alianza safari yake ya mwisho kutoka Mikindani mwaka 1866. Niliwaeleza pia kwamba Stanley alimkuta Ujiji mwaka 1871, na kwamba, kama isimuliwavyo, wawili hao walikutana chini ya mwembe. Niliusoma mwembe wa Ujiji kitabuni, na mwembe wa bibi yangu sikuuona.

Mchoro ulipotoka, mwembe ulikuwa katikati ya kiwanja. Bikoni nne ziliuzunguka kama watu wanne wanaomshika mwizi. Mthamini alikuwa ameshauhesabu. Uliandikwa katika orodha ya fidia pamoja na minazi na mikorosho, na fedha yake ililipwa ipasavyo. Dada yangu aliinunulia mabati. Siwezi kusema kwamba tulidhulumiwa, na hilo ndilo linalonisumbua. Kila mtu alitimiza wajibu wake, na mti ukafa.

Kiwanja hicho alikipata kijana mmoja mtumishi, aliyehamia kutoka bara. Siku moja alifika nyumbani kwangu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimeambiwa kwamba mwembe ule ni wa ukoo wenu. Sikutaka kuukata kabla ya kuja kwako."

Nilimwuliza kama hakuna njia ya kuubakiza. Akatoa mchoro wa nyumba yake, akautandaza juu ya meza, akaniambia kwa upole, "Mzee wangu, nikiuacha, nyumba niijenge wapi?"

Sikuwa na jibu. Kabla haujakatwa nilikwenda kupima kivuli chake kwa hatua. Kutoka ukingo hadi ukingo kilikuwa mita 20. Wanafunzi wa hesabu watakumbuka kwamba duara yenye nusu kipenyo cha mita 10 ina eneo la mita za mraba 314. Kiwanja cha kijana yule kilikuwa mita 20 kwa 20, yaani mita za mraba 400. Mwembe na nyumba visingeweza kukaa pamoja hapo, hata mwenyewe angekuwa mtu wa kuipenda miti namna gani. Ukakatwa kwa siku mbili. Siku ya tatu wavuvi walikuja na nyavu zao, wakasimama kidogo, kisha wakarudi.

Katika hesabu hiyo ndogo mna jambo ambalo nataka kila msomaji alishike. Tumezoea kumlaumu anayeshika shoka. Twasema watu siku hizi hawapendi miti, vijana hawana adabu na mazingira. Lakini hukumu ya mti mkubwa haitolewi siku ya shoka. Hutolewa siku ya penseli. Mchoro ukishakatwa vipande vidogo vinavyolingana, mti mpana hauna mahali pa kusimama, na mwenye kiwanja huwa mtekelezaji tu wa uamuzi uliofanywa bila yeye. Vivyo hivyo fidia, ijapokuwa ni haki ya mwenye shamba, haimwokoi mti. Fidia humlipa mtu kwa matunda aliyoyapoteza. Haimlipi mtoto aliyekuwa akisoma kivulini, wala mzee aliyekuwa akisuluhisha, kwa sababu hao hawaandikwi katika orodha.

Basi ifanyweje? Sidhani kwamba ni jambo la gharama kubwa, likifanywa kwa wakati wake. Jambo la kwanza ni kutembea katika eneo zima pamoja na wenyeji kabla mstari wowote haujachorwa, na kuiandika miti: jina lake, mahali pake, unene wa shina, upana wa kivuli, afya yake, na habari zake. Si kila mti utastahili kubakizwa. Mwembe uliooza ndani ni hatari kwa nyumba, na mkorosho uliozeeka waweza kupisha barabara. Lakini ni lazima tuchague tukiwa tunajua tunachokichagua.

Jambo la pili ni kuupa mti uliochaguliwa nafasi ya umma badala ya nafasi ya mtu mmoja. Kila mtaa uliopangwa huhitaji eneo la wazi, uwanja wa shule, mahali pa soko, njia panda. Badala ya kuliweka eneo la wazi pale panapobaki baada ya viwanja vyote kukatwa, liwekwe pale penye mti. Barabara ikiweza kupinda kidogo kuliepuka kaburi, yaweza kupinda kuuepuka mbuyu.

Jambo la tatu ni kuilinda mizizi. Watu wengi hudhani kwamba mizizi ya mti mkubwa huzama chini moja kwa moja kama ndoo kisimani. Sivyo. Sehemu kubwa ya mizizi inayoulisha mti imo katika udongo wa juu, ndani ya mita moja hivi, nayo husambaa hadi kwenye ukingo wa kivuli na kuupita. Kwa hiyo anayeliacha shina akachimba msingi hatua mbili kutoka hapo, au akarundika kifusi na mchanga chini ya matawi, au akapitisha magari mazito mpaka udongo ukashindiliwa, ameuua mti kwa kifo cha polepole. Utakauka baada ya miaka michache, na watu watasema umezeeka. Uzio wa miti na kamba, ukizungushwa kwenye ukingo wa kivuli tangu siku ya kwanza ya ujenzi hadi ya mwisho, ni kinga ya bei rahisi kuliko zote.

Mambo haya yanawezekana hata katika miji mikubwa. Mwaka 2020 huko Nairobi, barabara ya juu ilipokuwa ikijengwa, mkuyu mmoja mkubwa kando ya Waiyaki Way, wa aina ambayo Wakikuyu huiita mugumo na kuiheshimu kama mahali pa tambiko, ulikuwa umekwisha kuhukumiwa kung'olewa. Wananchi walipaza sauti, na mwezi Novemba mwaka huo ikaamuliwa kwamba mti ubaki. Ikiwa barabara ya magari ya mji mkuu iliweza kuupisha mkuyu mmoja, vichochoro vya mitaa yetu haviwezi kukosa nafasi.

Hapa pwani jambo hili lina uzito wa ziada. Ukifika Msimbati na vijiji vya maingilio ya Ruvuma utaikuta mikoko, michu, mikandaa na milana imesimama katika matope, ikiwa imeshikana mizizi kati ya bahari na makazi ya watu. Misitu ya mikoko ya nchi yetu ilitangazwa kuwa hifadhi tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 2000 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye eneo la kilomita za mraba 650 hivi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, mto au ziwa. Faida yake si ya kubuni. Wazee wa pwani ya kusini walikikumbuka kimbunga cha mwezi Aprili 1952 kilichoipiga Lindi. Mwezi Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua upande wa pili wa mpaka, katika jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, nasi wa Mtwara tulikaa tukiusikiliza upepo na kumwomba Mungu. Siku kama hiyo ndipo mtu anapoelewa kwamba mti uliosimama kati yake na bahari ni sehemu ya nyumba yake.

Nimesema kwamba nilikosea. Yafaa niseme pia kwamba nilipata nafasi ya pili. Miaka miwili baada ya mwembe kukatwa, sehemu iliyobaki ya shamba letu ilipangiwa kupimwa. Humo mlikuwa na mbuyu, mkwaju mmoja na mikorosho kadhaa. Safari hii sikungoja kuulizwa. Nilichukua daftari la shule, nikapima kwa kamba, nikachora miti yote mahali pake, nikaandika habari za kila mmoja kama nilivyozipata kwa wazee. Nikaenda nalo ofisini. Afisa aliyenipokea alilitazama kwa muda mrefu, kisha akasema maneno ambayo sitayasahau: "Mwalimu, ya mwanzo nayo tungeipata kabla hatujachora, isingetugharimu kitu."

Mbuyu ukapata eneo la wazi. Mkwaju haukupona, kwa kuwa ulisimama mahali ambapo barabara haikuweza kuhama, na mikorosho mitatu tu ndiyo iliyobaki. Lakini kulikuwa na bei. Ili eneo la wazi lipatikane, ukoo wetu ulipungukiwa na kiwanja kimoja katika vile tulivyotarajia, na kiwanja hicho dada yangu alikwisha kukipangia kazi: kukiuza ili amsomeshe mwanawe chuoni.

"Kaka," aliniambia mbele ya wajomba na watoto, "mbuyu haulipi ada."

Neno lake lilikuwa kweli, na sikuweza kulipinga kwa hotuba. Nilichukua sehemu ya kiinua mgongo changu nikailipa ada ya mpwa wangu ya mwaka wa kwanza; miaka iliyofuata tukasaidiana. Hadi leo dada hajaniambia kwamba nilifanya vema, nami sijamwuliza. Nalitaja jambo hili kwa sababu wako waandishi wanaosema juu ya kuhifadhi miti kana kwamba ni wimbo tu. Kuhifadhi ni kutoa. Na kama faida ya mti ni ya mtaa mzima, si haki gharama yake iangukie ukoo mmoja. Hili nalo ni la kufikiriwa na wanaotunga taratibu zetu: mwenye shamba anayekubali mti wake uwe wa wote afidiwe kwa kuuacha ukiwa hai, walau kwa kadiri ambayo angefidiwa kwa kukatwa kwake.

Walimu wenzangu, na ninyi vijana mnaosoma, nawaombeni jambo moja jepesi. Mahali pale ulipokuwa mwembe wa bibi watu bado hupaita "mwembeni." Juzi nilimsikia mtoto wa shule akimwelekeza mgeni: "Shuka mwembeni, kisha pinda kulia." Mgeni akauliza, "Mwembe uko wapi?" Mtoto akacheka, akamjibu, "Hakuna mwembe, ni jina tu." Lugha yetu imeanza kujaa majina ya namna hiyo, majina yaliyofiwa na wenyewe. Basi waongozeni wanafunzi wenu wakatembee katika mitaa na vijiji vyao wakiwa na daftari na kamba. Waipime miti mikubwa, wawaulize wazee majina yake na habari zake, wachore ramani, na nakala moja ipelekwe ofisi ya mtaa au ya kijiji ikakae huko. Kazi hiyo ni hesabu, ni jiografia, ni historia, na ni Kiswahili kwa wakati mmoja. Siku wapima watakapofika na kuuliza kama kuna jambo la kuangaliwa, jibu liwe limekwisha kuandikwa, lisitegemee kumbukumbu ya mzee mmoja aliyechoka na jua.

Daftari langu liko bado. Katika ukurasa wa kwanza, mahali ulipokuwa mwembe, nimechora duara kwa penseli, nikaandika upana wake: mita 20. Nimeichora ijapokuwa mti haupo tena, kwa kuwa ukurasa huo ulipaswa kuchorwa siku ile tulipokuwa tukinywa madafu chini yake.